Kupima Hewa na Mvua: Kwa Nini Kazi Hii Yatuhusu Wakulima wa Karafuu

Wanachama wetu wengi wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo, kwa nini Kamati imetia katika ajenda ya mkutano ujao jambo la kununua vipimo vya mvua. Wako waliosema kwamba fedha za Chama ni za miche, majamvi na magunia, wala si za kuchezea maji ya mvua. Suali hili ni la haki, maana mwenye fedha hana budi kujua fedha zake zinakwenda wapi. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kueleza katika kurasa hizi kazi ya kupima hewa ni kazi gani, hufanywa vipi, humfaa nani, na sisi wakulima wa kisiwa hiki tuna sehemu gani ndani yake. Akishasoma, kila mwanachama aje mkutanoni na rai yake.

HASARA TUIJUAYO SOTE

Hapana haja ya kumfundisha mkulima wa karafuu thamani ya jua. Karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo yake, huanikwa, nayo hutaka jua zuri la siku tatu, nne au hata tano kwa jinsi siku zilivyo. Ikipata jua hilo hutoka kavu, nyekundu ya kahawia, kichwa chake kizima, na ikipelekwa Shirika hupata daraja yake. Lakini ikinyeshewa juu ya jamvi, au ikirundikwa mbichi kwa kuiogopa mvua, hushika joto na kuvunda, hukunjamana na kugeuka rangi ikawa nyeupe-nyeupe. Hapo kazi yote ya mwaka, palizi, ujira wa wachumaji, na hatari ya kupanda juu ya mti, huteremka daraja kwa manyunyu ya saa moja.

Tena msimu wetu mara nyingi hukutana na mvua za vuli, ambazo huja baina ya Oktoba na Disemba. Mkulima huwa kati ya mambo mawili. Akichuma leo, huenda mvua ikamkuta na majamvi yamejaa. Akingoja, vikonyo havimngoji. Hufunguka vikawa maua, na karafuu iliyokwisha funguka thamani yake imekwenda. Basi suali lake si kama mvua itanyesha mwaka huu au haitanyesha. Suali lake ni hili: kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, hapa shambani kwangu, jua litakuwapo? Siku nne hizo ndizo rasilmali yake.

KUTABIRI SI KUJUA GHAIBU

Yatupasa kwanza kuondoa shaka moja ambayo tumeisikia barazani. Wako wazee wetu wasemao kwamba kutabiri mvua ni kuingilia ilimu ya ghaibu, na ilimu hiyo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Neno lao ni kweli, nasi hatulipingi. Lakini mtu wa ofisi ya hali ya hewa hadai kujua ghaibu. Yeye huangalia kilichopo sasa, akakipima, akakifanyia hesabu, kisha akasema lililo karibu zaidi kuwa. Ndivyo afanyavyo mvuvi anapouhesabu mwezi akajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Ndivyo walivyofanya wazee wetu walipohesabu miongo tangu Nairuzi, kumi baada ya kumi, ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Hakuna aliyewaita hao washirikina. Tofauti ni kwamba maji ya bahari hufuata mwezi kwa utaratibu ulio wazi, na hewa hufuata mambo mengi kwa pamoja, kwa hivyo hesabu yake ni nzito zaidi, na mwenye kuihesabu hukosea mara kwa mara.

HESABU YENYEWE HUFANYWA VIPI

Hewa ni kitu chenye uzito, ingawa hatuuoni. Juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ardhi iliyo usawa wa bahari, yaani mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, pamesimama hewa ya uzito wa kilo moja hivi, tangu chini hadi juu kabisa. Mahali palipo na uzito mkubwa husukuma hewa kwenda palipo na uzito mdogo, na kusukumana huko ndiko kunakoleta upepo. Jua huipasha moto nchi kavu upesi na bahari polepole. Hewa yenye joto hupanda, ikipanda hupoa, ikipoa unyevu wake huwa mawingu, na mawingu huleta mvua. Mambo haya yana kanuni zake, na kanuni hizo zinajulikana. Kwa hivyo mtu akijua hewa ya dunia nzima ilivyo saa hii, aweza kuhesabu itakavyokuwa baadaye.

Wa kwanza kuifanya hesabu hiyo kwa ukamilifu alikuwa Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson. Alichukua vipimo vya hewa vya Ulaya vya tarehe 20 Mei 1910, akahesabu kwa mkono mabadiliko ya saa 6 tu, na mengi ya mahesabu hayo aliyafanya huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza, alipokuwa dereva wa gari la majeruhi. Hesabu ilimchukua majuma mengi, na jibu lake likatoka baya mno: ilionyesha kwamba uzito wa hewa ungebadilika kwa milibari 145, na siku yenyewe haukubadilika ila kidogo kabisa. Hakuficha kosa hilo, alilichapisha katika kitabu chake mwaka 1922. Waliokuja nyuma yake waliona kwamba njia yake ilikuwa sawa, ila vipimo alivyoanzia havikulingana. Mwaka 1950 hesabu za namna hiyo zilifanywa Marekani kwa kompyuta, na tangu hapo kazi imekua hata leo.

Leo mashine hugawa hewa yote ya dunia kama visanduku vilivyopangwa ubavu kwa ubavu na kimoja juu ya kingine. Kila kisanduku hutiwa namba zake: joto, uzito wa hewa, unyevu, upepo na upande uendako. Kisha mashine huhesabu kila kisanduku kitampa nini jirani yake baada ya dakika chache, na tena, na tena, mpaka ifike siku ya kumi. Kituo kikubwa cha Ulaya cha kazi hii hutumia visanduku vyenye upana wa kilomita 9 hivi. Unguja yetu ina urefu wa kilomita 85 kwa kadiri, basi kisiwa kizima ni visanduku vichache tu vilivyozungukwa na bahari.

Mwanachama mwerevu atauliza: namba za kuanzia hutoka wapi? Hapo ndipo penye jambo letu. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Edward Lorenz, alikuwa akifanya hesabu ya hewa kwa kompyuta yake. Akataka kuirejea sehemu moja, na badala ya kutia 0.506127 alitia 0.506, akiona hayo yaliyobaki ni makombo. Alipotazama tena, hewa ya hesabu ya pili haikufanana hata kidogo na ya kwanza. Tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu mwanzoni ilikuwa imekua ikameza hesabu yote. Basi mashine hata iwe kubwa namna gani, ikilishwa namba mbovu hutoa jibu bovu, na mahali pasipopimwa hubidi ikisie. Jahazi haliwi zima kwa uhodari wa fundi ikiwa mbao zake zimeoza.

HEWA HUPIMWA KWA VITU GANI

Kwanza viko vituo vya nchi kavu. Hapa kwetu kipo kituo katika kiwanja cha ndege cha Unguja, na kingine katika kiwanja cha ndege cha Pemba, chini ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mtu akipita huona kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu, chenye kuta za vipande vilivyolala kama madirisha ya mji. Ndani yake mna vipima joto, navyo vimewekwa humo ili vipate hewa lakini visipigwe na jua. Nje kuna kipimo cha mvua, na juu ya mlingoti kuna kipima upepo.

Pili ni barometa, yenye kupima uzito wa hewa. Jambo moja la ajabu kwa watu wa pwani ni kwamba hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake. Katika nchi zetu za joto barometa hupanda kila siku mara mbili, saa 4 asubuhi na saa 4 usiku kwa kadiri, na hushuka mara mbili, saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Kwa hivyo mtu akisoma leo asubuhi na kesho alasiri, ataona barometa imeshuka akadhani tufani yaja, kumbe ni kupwa kwa kila siku. Ndiyo maana watu wa kazi hii hushika saa kama mwadhini ashikavyo saa zake.

Tatu ni puto. Puto hujazwa gesi nyepesi, likafungwa chombo kidogo chenye redio, likaachiwa. Linapopanda, chombo hutuma habari za joto, unyevu na upepo wa kila tabaka. Hufika zaidi ya kilomita 30 juu, na huko puto huvimba likapasuka. Desturi ya dunia ni kuyarusha kwa wakati mmoja kila mahali, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Nairobi ni mmoja wa miji yenye kazi hiyo.

Nne ni setilaiti. Iko ya watu wa Ulaya, jina lake Meteosat, iliyowekwa juu ya Bahari ya Hindi kwa umbali wa kilomita 36,000, nayo hutazama upande wetu mchana na usiku. Tano ni rada, ambazo huyaona matone ya mvua ndani ya wingu; Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara ni miongoni mwa mahali penye rada katika nchi yetu. Sita ni meli na ndege, zipitapo njiani zikapima na kupeleka habari. Saba ni maboya: yako yaliyotiwa nanga, na yako karibu 4,000 katika bahari zote za dunia yanayozama mpaka mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi kutoa habari ya joto la maji.

Mtu asidhani kwamba wingi wa vyombo hivi umemaliza kazi. Setilaiti huona kilele cha wingu vizuri, lakini hewa iliyo chini ya wingu, usawa wa paa zetu, haioni vizuri hivyo. Meli nazo hupungua kwa sababu zisizo za hewa. Maharamia wa pwani ya Somalia walipozidi, baina ya mwaka 2008 na 2011, meli nyingi zilikimbia njia hiyo, na nyingine hazikutaka kutangaza mahali zilipo. Matokeo yake yalikuwa shimo kubwa lisilo na vipimo katika bahari ile ile upitamo upepo wetu. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari, habari zilizokuwa zikiletwa na ndege zilipungua mno duniani kote. Shirika la Hali ya Hewa la Ulimwengu, lenye makao yake Geneva, limeona upungufu huu, na mwaka 2021 nchi wanachama zilikubaliana juu ya kiwango cha chini cha vituo ambavyo kila nchi haina budi kuwa navyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya Afrika ina vituo vichache kuliko inavyotakiwa.

MVUA YA UNGUJA ILIVYOPELEKWA BARA HINDI

Wengine watasema, kisiwa kidogo kama hiki kitaifaa nini dunia? Jibu limo katika historia. Bara Hindi lilipatwa na njaa kubwa mara nyingi mvua za kusi zilipokosa, na moja ya hizo ni ya mwaka 1899. Mwaka 1904 Mwingereza Gilbert Walker, mtu wa hesabu, alitwaa ukubwa wa idara ya hali ya hewa huko, akatafuta alama za mbali ambazo zingemwonyesha mapema kama mvua ya Bara Hindi itakuwa nzuri au mbaya. Alitazama theluji ya milima ya Himalaya, uzito wa hewa wa Mauritius na wa Amerika ya Kusini, na miongoni mwa alama zake aliiweka mvua inyeshayo Unguja kabla ya msimu wa Bara Hindi kuanza. Maana yake ni kwamba tone lililopimwa hapa kwetu liliingia katika hesabu ya chakula cha mamilioni ya watu ng'ambo ya bahari.

Katika kazi hiyo hiyo Walker aligundua kwamba uzito wa hewa wa Bahari ya Hindi na wa Bahari ya Pasifiki hupanda na kushuka kama pembea. Pembea hiyo leo twaijua kwa jina la jamaa yake, El Niño, ambayo ilikuwa pamoja na mvua kubwa za Afrika Mashariki za mwaka 1997 na mwanzo wa 1998. Lakini nyingi za alama za Walker zilidhoofu miaka ilipopita. Funzo lake ni kwamba kupima si kazi ya mwaka mmoja ukaacha. Daftari la miaka 30 lisilokatika lina thamani kuliko madaftari kumi ya miaka mitatu mitatu.

MIAKA MIWILI YA KULINGANISHA

Hakuna mkulima wa karafuu asiyesikia habari za tufani ya Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash. Kwa siku moja sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka, na meli za Sultani zikaharibika bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu hata leo. Twasema basi kwamba upepo wa siku moja uligawanya upya utajiri wa visiwa hivi. Wakati ule hapakuwa na onyo lolote. Waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden haukufika hapa ila mwaka 1879, na baharini hapakuwa na jicho jingine zaidi ya la nahodha.

Tulinganishe na Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilizaliwa baharini kusini-mashariki yetu, setilaiti zikakiona, hesabu zikafanywa, na Mamlaka ikatoa onyo siku kadhaa kabla. Boti zilizuiwa kuvuka, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na kimbunga kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kilikuta watu wamekwisha jua. Mvua ilileta hasara kubwa upande wa Lindi na Mtwara, lakini haikumkuta mtu katika usingizi wa mwaka 1872.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na mstari wa Ikweta, ambapo upepo haupati nguvu ya kujizungusha kwa urahisi. Ila nadra si kusema hapana. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na sisi tulipigwa 1872.

TULIYOYASIKIA NUNGWI

Kamati ilituma watu watatu Nungwi. Baadhi ya wanachama waliona ni jambo la kuchekesha, kwani Nungwi ni nchi ya mawe na majahazi, wala haina mikarafuu. Lakini Nungwi ndiyo ncha ya kaskazini ya kisiwa, na upepo wa kaskazi hupita kwao kabla ya kufika Donge na Mahonda. Tena mbele yao ndio mkondo baina ya Unguja na Pemba, ambamo hupita karafuu na jamaa zetu. Januari 2014 boti itokayo Pemba ilipigwa na mawimbi makubwa upande huo, na abiria wakachukuliwa na maji. Kwa hivyo vipimo vya upepo na bahari vya Nungwi havimhusu mvuvi peke yake.

Tulizungumza na manahodha na mafundi chini ya jahazi linaloundwa. Mzee mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Bwana Katibu, mimi nikitoka msikitini alfajiri nikageuza uso, shavu langu hunambia upepo u wapi na utafanya nini mpaka magharibi. Hicho kichupa chenu kitanambia nini?"

Tukamjibu: "Mzee wetu, kwa leo shavu lako hatulishindi. Lakini mwenye karafuu kule Donge ataka habari ya mtondo na mtondogoo."

Akacheka, akasema: "Huo mtondogoo hata mimi siujui."

Lakini hakuishia hapo. Alituonya kwamba tukiweka kipima upepo pwani ya magharibi kwa kuwa ndipo penye nyumba na umeme, wakati wa kusi kitatwambia shwari, na huku upande wa mashariki wa ras bahari inapiga. Neno hili ni ilimu tupu, na mtaalamu yeyote angelisema vivyo hivyo: kipimo kilichowekwa mahali pa kificho husema uwongo kila siku kwa uaminifu. Kisha mzee akatupa neno jingine, nalo ndilo lililotulemea zaidi. Alisema: "Watu wamekuja hapa zamani, wakatuuliza, wakapima, wakaandika, wakaenda zao. Hatukurudishiwa hata karatasi. Na ninyi mtakuwa hivyo?"

Tulimwahidi kwamba suali lake tutalileta mbele ya wanachama, na hapa tumelileta.

KAZI INAYOTAKIWA KWETU

Yafaa tuseme kweli ili pasiwe na udanganyifu. Kipimo cha mvua cha mwanachama mmoja hakitaifanya redio iseme sawa wiki ijayo. Habari zinazoingia moja kwa moja katika mashine kubwa ni za vituo vilivyokaguliwa, vyenye barometa nzuri na saa maalumu. Lakini daftari la mvua la shamba lina faida tatu. Kwanza, huonyesha utabiri umepatia wapi na umekosa wapi, na mtabiri asiyeonyeshwa kosa lake hawezi kulisahihisha. Pili, mvua ya kisiwa hiki hainyeshi sawasawa. Kizimbani hunyesha, na Nungwi kukawa jua kali. Kituo cha kiwanja cha ndege hakiwezi kuwasemea watu wote. Tatu, baada ya miaka humwonyesha mkulima mwenyewe vuli ya shamba lake huanza lini na ina siku ngapi za jua katikati yake.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina masharti yake.

Kipimo kiwekwe uwanjani, mbali na miti na paa. Ikiwa mkarafuu una urefu wa mita 10, kipimo kiwe mbali nao mita 20 au zaidi. Chini ya mti mtu hupima maji ya majani, hapimi mvua.

Mdomo wake uwe sawa, usilale upande, na uwe juu ya ardhi kama sentimita 30, matone yasiruke kutoka chini yakaingia.

Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Siku kavu iandikwe 0. Siku ambayo hakikusomwa iachwe wazi na sababu iandikwe. Isitiwe 0, wala isikisiwe. Sifuri ya uwongo ni mbaya kuliko nafasi tupu, maana nafasi tupu humwambia msomaji asiamini, na sifuri ya uwongo humdanganya.

Ipimwe kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwetu, huiletea eka moja lita 80,000 hivi, yaani madumu 4,000 ya lita 20. Asiyekuwa na kipimo cha dukani aweza kuanza kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya mtoto wa skuli. Halitakuwa kamili, kwa sababu jua hukausha kidogo, lakini litamfundisha mkono wake kazi.

Na mwisho, mwenye daftari awe na naibu wake, mke, mtoto au jirani, ili siku ya safari au maradhi isiwe siku ya pengo.

SHAURI LA KAMATI

Kamati yapendekeza tuanze na vipimo vitano vya mvua: Nungwi, Donge, Mahonda, Kizimbani na Bumbwini. Kabla ya kununua, tuiombe Mamlaka ya Hali ya Hewa ituonyeshe aina ifaayo na mahali pa kuviweka, na itukubalie kuzipokea namba zetu, maana daftari lisiloingia katika daftari kubwa litabaki kuwa kumbukumbu ya nyumbani tu.

Kamati yapendekeza tena sharti moja, na sharti hili twalichukua kutoka Nungwi. Kila mwisho wa mwezi namba za vipimo vyote vitano zichapwe katika gazeti hili, na mbele ya kila namba iandikwe utabiri uliotolewa ulikuwa upi, umepata au umekosa. Nakala ibandikwe barazani Nungwi, na katika kila kijiji chenye kipimo. Anayepima apate kuona alichokipima kimefanya kazi gani. Ikiwa baada ya misimu mitatu wanachama wataona hakuna faida, wana haki ya kuivunja kazi hii, na madaftari yatakuwapo ya kuwaonyesha kama uamuzi wao ni wa sawa.

Gharama zake zimo katika karatasi ya hesabu itakayogawiwa mkutanoni. Atakayependa kuwa mwenye kipimo alete jina lake kwa Katibu kabla ya siku hiyo, akijua kwamba saa 3 ya asubuhi haina sikukuu.

Katibu wa Chama